Risasi ya Kumi na Moja

Ijumaa, 10 Mei 2019

Nimemaliza! Risasi hamsini za Kirsti, zote zimo kisandukuni. Nimezianza Jumatatu. Maganda yaleyale ya mwaka jana — nimeyasugua, nimeyanyoosha, nimetia fataki mpya, baruti ya kupimwa kwa mizani, kisha kichwa juu. Ganda likitunzwa linapigwa hata mara nane. Za dukani ni za kila mtu. Hizi nimezishona kwa bunduki moja tu, ya binti yangu.

Lorraine kaita toka ngazini mara tatu kuwa chakula kinapoa. Mara ya nne kashuka mwenyewe.

"Si ungeioa hiyo mizani tu, mzee?"

"Haijui kupika."

"Hata mimi leo sijapika. Ni viporo."

Kirsti kapita baada ya zamu, buti bado nyekundu kwa vumbi la chuma. Hilo lori analoendesha mgodini, tairi moja limenizidi kimo mara mbili. Kaishika risasi moja, kaizungusha kwenye taa, kasema, "Baba, hizi za kwenda kutandika watu Juni." Kwenye mashindano ya shabaha mwaka jana alikuwa wa tatu jimbo zima. Mwaka huu bunduki ina mtutu mpya, Wendell Ruona kaufunga mwezi wa pili. Wendell nimesoma naye tangu darasa la kwanza. Fundi bunduki kama yeye hakuna toka hapa hadi mpaka wa Kanada.

Kesho saa nne uwanjani kuzijaribu. Theluji bado ipo. Mwezi wa tano huu!


Jumamosi, 11 Mei

Siwezi kuandika.

Ilikuwa risasi ya kumi na moja. Bunduki imepasuka. Komeo limerudi nyuma — moshi, vipande — Kirsti kaanguka chali. Jicho la kulia.

Helikopta imempeleka Duluth. Sisi tumefuata kwa gari. Wendell ndiye aliyeendesha, maana mikono yangu ilikataa usukani.


Jumapili, 12 Mei — Duluth

Wamelitoa.

Daktari ni binti mdogo, hata kuliko Kirsti. Katueleza polepole, tena kwa heshima. Hapakuwa na la kuokoa. La kushoto ni zima.

Leo ni Siku ya Mama. Pale mlangoni kuna kijana anawagawia kina mama ua mojamoja. Lorraine kalipokea. Kazunguka nalo mkononi siku nzima, hajui aliweke wapi.

Kirsti kaamka saa nane mchana. Neno la kwanza: "Mama, heri ya Siku ya Mama." Lorraine katoka nje mbio. Nikabaki mimi. Kirsti kanishika kidole kimoja, kama alivyokuwa akinishika alipokuwa mdogo.

"Miwani ilipata ukungu, Baba. Niliivua kidogo tu. Nilitaka nione vizuri."

Nikamwambia si kosa lake. Akauliza, "La nani sasa?"

Wendell bado yupo, kwenye viti vya korido. Vipande vya bunduki kaviokota vyote, kavitia kwenye mfuko wa nguo. Anavipapasa kwa juu ya nguo. "Mtutu huu niliufunga kwa mikono yangu," kasema. Kasema mara mbili.


Jumanne, 14 Mei

Nimerudi nyumbani na Lorraine kuchukua nguo. Kituo cha mafuta watu wameacha kahawa zao wakaja kunishika mkono. Halafu maneno yakaanza. Kwamba Wendell kazeeka. Kwamba mikono yake inatetemeka siku hizi, fulani kamwona akishindwa kuingiza ufunguo mlangoni. Kwamba mtu akifika umri fulani afunge duka aende akavue samaki.

Kusema kweli nami niliwaza hivyo. Kitu gani kingine kingeweza kupasuka? Mtutu mpya, bunduki ya zamani.

Wendell kaacha sahani ya kuoka barazani — viazi, nyama, jibini juu — na karatasi: Kwa ajili yenu. W. Lorraine kaisoma. Kaibeba sahani mpaka kwenye pipa la taka, kaikung'uta kwa kijiko. Lorraine! Mwanamke asiyetupa hata ganda la mkate.

"Simtaki mlangoni kwangu," kasema. "Na wewe usimtetee."

Sikumtetea.


Alhamisi, 16 Mei

Nimeshuka kwenye chumba cha chini. Mara ya kwanza tangu siku ile. Zimebaki risasi thelathini na tisa. Nilitaka kuzifungua moja moja niandike vipimo, tumpe mtu wa kukagua, ijulikane kuwa upande wetu ulikuwa safi.

Nimeng'oa kichwa cha ile ya kwanza. Nimemwaga baruti kwenye karatasi nyeupe, nikaisogeza dirishani penye mwanga. Nikavaa miwani ya kusomea.

Baruti ya bunduki ni vijiti. Vijiti vyeusi, vifupi, kama risasi ya penseli iliyokatwakatwa. Hiyo ilikuwepo. Lakini katikati yake kulikuwa na vichenga. Bapa, vidogo, vinang'aa. Hiyo ni baruti ya bastola. Ile ya bunduki huwaka taratibu, huisukuma risasi. Hii hulipuka papo hapo. Ukizitia pamoja kwenye ganda la bunduki, umemkabidhi mtu bomu aliweke shavuni.

Nimefungua ya pili. Vijiti vitupu. Ya tatu — vichenga. Ya nne kidogo. Ya tisa, vingi.

Kisha nikaichukua chupa yenyewe. Nimemimina kidogo. Vijiti na vichenga. Vijiti na vichenga.

Nimeketi sakafuni.

Ukutani juu ya meza nimebandika karatasi kwa mwandiko wangu, ina miaka thelathini: CHUPA MOJA TU MEZANI. Nimewafundisha vijana wangapi mstari huo. Nimefungua daftari la risasi. Jumamosi ya tarehe 20 Aprili nilikuwa najaza za bastola. Ndugu yangu Clifford akapiga simu — gari lake limezama kwenye tope kule kambini kwake msituni, njoo na mnyororo. Nimeandika: Nimeacha baruti kwenye kipimio. Kumwaga Jumatatu. Chupa ya bastola ilisharudi rafuni, na ile kubwa ya bunduki ilikuwa palepale mezani, maana nilikuwa nimeishusha asubuhi niangalie imebaki kiasi gani. Jumatatu kipimio, kile kichupa cha baruti juu ya mashine, kilikuwa kitupu. Nikadhani nilishakimwaga. Miaka sabini! Mtu unasahau, unajidhania.

Basi niliimwaga kwenye chupa isiyo yake. Nani mwingine?

Si Wendell. Mtutu wa Wendell ulikuwa mzima.

Ni mimi.


Ijumaa, 17 Mei

Sijasema.


Jumapili, 19 Mei

Kirsti yuko nyumbani. Kalala chumba chake cha zamani. Pamba nyeupe imefunika nusu ya uso. Asubuhi kajimiminia kahawa, ikapita pembeni ya kikombe ikafunika meza nzima. Tukacheka wote watatu. Kisha hatukucheka.

Mgodini wamempigia. Wamemwambia apumzike, wataona. Jicho moja na lori lile? Wote tunajua wataona nini.

Kanisani mchungaji katuombea kwa majina. Wendell alikaa benchi la mwisho, peke yake, nafasi ya watu sita. Siku zote hukaa nasi. Wakati wa kupeana amani hakuna aliyemwendea. Nilitakiwa kusimama. Nilijua kabisa kuwa natakiwa kusimama. Nikafungua kitabu cha nyimbo nikatafuta wimbo ambao hata hatukuimba.

Clifford kasema watu watatu wameshachukua bunduki zao dukani kwa Wendell kabla hazijatengenezwa. Kasema kama anaeleza habari njema.


Jumatano, 22 Mei

Leo nilikuwa nimeamua. Nilijipanga: wakishakula mchana, nitawaambia wote wawili kwa pamoja. Nilinyoa. Nikavaa shati safi, sijui kwa nini. Nikakaa kwenye kochi nikisubiri, Lorraine yuko jikoni na simu, anaongea na dada yake Beverly wa Fargo.

Nayaandika alivyoyasema, maana sitayasahau.

"Hapana, Bev, si risasi. Rodney? Rodney akikoroga chai anahesabu mizunguko! Wewe hujaiona meza yake. Mimi mwenyewe nilimsafishia kabla ya Pasaka, si unajua wageni wangepita pale kwenda sauna kuoga mvuke. Nikafuta vumbi, nikapanga vikopo. Hata ule unga wake aliouacha kwenye kile kichupa cha juu nilimrudishia kwenye chupa yake, usije ukamwagika watoto wakauchezea. Hapana. Ni yule Wendell. Wewe niamini mimi."

Akaendelea. Akauliza habari za goti la Beverly.

Nilikaa pale.

Chupa yake. Kulikuwa na chupa moja tu mezani. Angejuaje?

Akaja akanikuta. "Umenyoa? Unaenda wapi?"

"Popote tu," nikasema.

"Mzee, usinitishe. Kula."

Nimekula.


Ijumaa, 24 Mei

Siku mbili nazunguka na neno hili tumboni. Nikinyamaza, Wendell anakufa akiwa hai. Nikisema yote, Lorraine ndiye atakayekufa. Namjua. Yule ni mtu aliyekanyaga paka kwa bahati mbaya mwaka wa themanini na tatu na mpaka leo hapiti mahali pale.

Ni nani aliyeacha kipimio na baruti? Mimi. Nani aliacha mezani chupa isiyo yake? Mimi. Nani hakuvaa miwani wakati wa kujaza? Mimi. Yeye alisafisha meza tu. Alinitendea wema.

Basi sitakuwa nadanganya. Sitakuwa nadanganya sana.


Jumatatu, 27 Mei

Siku ya kuwakumbuka wanajeshi waliokufa. Makaburini watu wengi, upepo, bendera ndogo kila kaburi.

Wendell alipigana Vietnam. Kwa miaka ishirini na sita yeye ndiye anayezitunza zile bunduki saba za heshima, yeye ndiye anayetoa amri, na wale wazee wanapiga mara tatu hewani. Leo amri imetolewa na mtu mwingine. Wamemwomba Wendell asizishike. Eti watu watakuwa na wasiwasi. Wamemwomba kwa simu!

Alikuja hivyohivyo. Kofia, koti, medali zake mbili. Akasimama kule nje ya uzio, upande wa barabara. Bunduki zikapigwa. Moja ilikwama, yule mzee akahangaika nayo. Nikamwona Wendell mkono wake ukitoka mfukoni wenyewe, ukasogea mbele kana kwamba unaweza kufika. Ukarudi.

Kirsti alikuwa kando yangu na miwani yake nyeusi. Akasema, "Baba, nenda ukasimame naye." Nikasema miguu inauma.

Mungu wangu. Miguu!


Jumanne, 28 Mei

Nimekwenda dukani kwake asubuhi. Rafu zina nafasi. Alikuwa amekaa nyuma ya meza ya kazi, vile vipande vya bunduki ya Kirsti kavipanga juu ya taulo kama daktari. Kavipima vyote. Siku kumi na saba anatafuta kosa lake.

"Sikioni," kasema kabla hata sijakaa. "Ndugu yangu, nimepima kila kitu. Sikioni nilipokosea. Labda macho yangu."

Nikamwambia. Baruti mbili kwenye chupa moja. Nilirudisha pasipo pake kabla ya Pasaka. Mtutu wako ulikuwa mzima.

Kaligeuza lile komeo juu ya taulo. Kisha kauliza swali ambalo sikulitegemea.

"Umejua lini?"

"Tarehe kumi na sita."

Akahesabu kwa vidole. Wendell, mtu wa hesabu za kichwani, alihesabu kwa vidole.

"Kumi na mbili. Kwa hiyo jana unajua. Kanisani unajua."

"Ndiyo."

"Uliniangalia pale barabarani."

"Ndiyo, Wendell."

Akaanza kuvikunja vile vipande kwenye taulo, polepole. Akasema, "Baruti ningekusamehe papo hapo. Ni mkono, mkono huteleza. Lakini hizo siku kumi na mbili, Rodney, hazikuteleza."

Nikasimama. Nilipofika mlangoni akaniita.

"We! Miaka arobaini nakuona ukifunga chupa moja kabla ya kugusa nyingine. Uliirudishaje pasipo pake?"

"Uzee," nikasema.

Akanitazama. Akasema tu, "Kamwambie mkeo kabla sijaanza kukuchukia."


Jumatano, 29 Mei

Nimesema.

Lorraine alikuwa anamenya viazi. Kirsti mezani, anajizoeza kuingiza uzi kwenye sindano, zoezi alilopewa hospitalini. Nikasema kwa kusimama, maana nikikaa nisingemaliza. Ilikuwa ni baruti. Niliichanganya mimi. Wendell hana kosa.

"Rudia," Lorraine kasema.

Nikarudia.

Kisu kakiweka chini. Kafuta mikono. Kakunja taulo mara mbili, kalitundika pahala pake.

"Nimemmwagia yule mtu chakula chake kwenye pipa," kasema. "Nimemsema kwa Beverly, nimemsema kwa mchungaji, nimemsema kwa kila mwenye masikio. Na wewe ulikuwa unanisikiliza. Umejua lini?"

Nikamwambia.

"Siku kumi na tatu umekula mezani kwangu." Hapo sauti ikampasuka. "Umempofusha mwanangu, ukala mezani kwangu!"

Kirsti kageuza kichwa. Sindano bado mkononi. Lile jicho lake moja lilinitazama, likashuka kwenye mikono yangu, likapanda tena. Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa na hasira. Alikuwa kama mtu anayepiga hesabu na jawabu halitoki.


Jumamosi, 1 Juni

Lorraine kalala chumba cha kushonea siku ya tatu sasa.

Jana kaoka mikate miwili ya hiliki, kampelekea Wendell. Kakaa huko saa nzima. Karudi macho mekundu. Clifford kasema wale waliochukua bunduki zao wameanza kuzirudisha, mmoja mmoja, wakijifanya wanapita tu. Wazee wa bunduki saba wamempigia tena. Vizuri. Hilo ni zuri.

Kituo cha mafuta sasa wananinyamazia mimi. Nilipoingia kila mwenye kahawa akawa na la kutazama dirishani. Nimestahili.

Nyumbani hatugombani. Ananiwekea sahani. Haniwekei uma. Nanyanyuka nachukua mwenyewe. Miaka arobaini na mbili ya ndoa, sikuwahi kujua uma zinakaa droo ipi.


Jumatano, 5 Juni

Kirsti kashuka chini leo. Polepole, mkono ukutani. Ngazi zinamdanganya, hajui ipi iko karibu.

Nilikuwa nafunga vitu kwenye maboksi. Mashine nampa kijana mmoja wa Virginia, mji wa jirani. Baruti nimeshaimwaga yote bustanini, mafungu madogo, imeloana na mvua. Sitajaza tena.

Kaketi kwenye kiti changu. Kavuta daftari la risasi. Nikasema liache hilo. Hakuliacha.

"Hapa tarehe ishirini umeandika umeacha baruti kwenye kipimio."

"Ndiyo."

"Jumatatu umeandika, kipimio kitupu. Hujaandika umeimwaga saa ngapi, kwenye chupa ipi." Anasoma kasogeza uso karibu kabisa na karatasi. "Baba, wewe unaandika hata ukipiga chafya. Hapa, Februari: nimepiga chafya, nimepima upya."

"Nimezeeka, Kirsti."

"Jumamosi ile ulikuwa kwa Ami Clifford na mnyororo mpaka jioni. Mimi nilikuja kuleta mayai ya Pasaka. Mama alikuwa huku chini na ndoo."

Nikaendelea kufunga boksi. Gundi ya utepe ilikuwa imekwama, siupati mwanzo wake.

"Ni yeye, siyo?"

"Ni mimi niliyeacha wazi."

"Sijakuuliza hilo."

Basi. Nilikosa nguvu. Niliinamisha kichwa tu, sikusema ndiyo. Lakini binti yangu ananijua kuliko nilivyodhani.

Kalia. Machozi yametoka pande zote mbili, hata chini ya ile pamba. Sikujua kuwa yanaweza. Nilimpa leso yangu, ina mafuta ya mashine, kaipokea hivyohivyo.

"Anajua?"

"Hajui. Alimwambia Beverly kwa mdomo wake mwenyewe, na hajui alichosema."

"Asijue," kasema. "Baba. Asijue kamwe. Hataishi."

"Ndiyo maana."

Akaegemeza kichwa begani kwangu, upande ule mzima. Tulikaa. Juu tunasikia Lorraine anatembea, jiko hadi meza, meza hadi jiko. Nilijisikia mwepesi kwa mara ya kwanza. Kisha nikaona aibu kujisikia mwepesi — mzigo haujapungua, nimemtwisha mtoto nusu yake.


Ijumaa, 7 Juni

Mgodini wameita. Lori basi. Wamempa kazi ya ofisini, kupokea simu. Kirsti kasema asante sana, akakata, akaenda akasimama uani kwenye jua na koti la baridi.

Mezani Lorraine kasema, bila kunitazama, "Mtu mmoja ameondoka na kila kitu cha mtoto huyu." Kirsti kaweka kijiko. Kwa chini ya meza nilimgusa mguu kwa kiatu changu. Kakiokota kijiko.

Sasa naona ilivyo. Mimi nayaweza, mimi nina ngozi ngumu. Lakini yeye anatazama. Kila sahani isiyo na uma anaiona.


Jumapili, 9 Juni

Tumetoka kanisani. Wendell alikaa benchi letu, upande wa Lorraine. Kanipa mkono wakati wa amani. Mkono mkavu, wa haraka, lakini kanipa.

Nyumbani Lorraine hakuvua hata kofia. Kasimama katikati ya jikoni.

"Nenda kwa Clifford."

"Leo?"

"Kambini kwake kuna kitanda. Nimejaribu, Rodney. Mungu anajua nimejaribu. Kila ukishuka ngazi zile nasikia hatua zako, na nikizisikia namwona mwanangu chini kwenye theluji ile. Siwezi. Labda baadaye. Sijui. Nenda tu."

"Sawa," nikasema.

Kirsti alikuwa anamimina kahawa. Siku hizi anaegesha mdomo wa birika kwenye ukingo wa kikombe kwanza, hamwagi tena. Alimimina mpaka kikombe kikajaa, kikafurika, akaendelea. Nikamwambia, "Kirsti." Akaacha. Nikamtikisia kichwa: hapana. Akanielewa. Najua alinielewa.

Nimeshuka kuchukua haya madaftari mawili. Mengine yote yanaweza kubaki, haya hayawezi kubaki ndani ya nyumba hii. Begi liko tayari: mashati manne, dawa za presha, buti. Clifford anakuja saa nane. Naandika huku nimesimama, kwenye meza tupu.

Wanaongea juu. Mbao hizi hazifichi kitu. Lorraine: usimtetee, nimechoka na watu wa kumtetea. Kirsti sauti ya chini, sisikii. Lorraine tena, kwa nguvu — mikono yake ndiyo, mikono yake Rodney ndiyo iliyo—

Birika limegonga meza.

Nimeita, "Kirsti! Njoo unisaidie begi!" Hakuna aliyeitika. Nimeita tena.

Kirsti, wazi kabisa sasa, yuko juu ya kichwa changu hapa:

"Mama, keti kwanza."

Kiti kinavutwa.